Nilipata kiharusi, je naweza kuonja mnazi siku ya mahari ya binti yangu?

"Daktari salamu. Mimi nina miaka 56, niko hapa Malindi, nilikuwa naendesha boti za watalii mpaka miezi minane iliyopita nilipopata kiharusi upande wa kulia. Walinipiga picha ya kichwa wakasema mshipa uliziba, haukupasuka. Sasa natembea na fimbo, maneno yanatoka ila taratibu. Nameza amlodipini, ile aspirini ndogo na dawa ya kushusha mafuta kwenye damu. Zamani nilikuwa nakunywa mnazi kila jioni, lita mbili, tatu. Niliacha miezi minne, nikaanza tena kidogo kidogo, Ijumaa na Jumamosi, manake kukaa nyumbani tu siku haziishi. Siku za kunywa simezi dawa, nimeambiwa dawa na pombe hupigana. Kuna mzee pale mangweni, kilabuni kwa mnazi, anasema mnazi husafisha mishipa, na tajiri wangu wa zamani, Mwitaliano, alikuwa akisema divai nyekundu ni nzuri kwa moyo. Presha ya juzi ilikuwa 158 kwa 96. Kitu kingine kidogo tu, huu mkono wa kulia mara mbili umecheza wenyewe asubuhi baada ya kunywa, kama dakika moja hivi, ukaacha. Disemba wanakuja kutoa mahari ya binti yangu na mnazi lazima uwepo, mimi ndiye baba, nitatarajiwa nionje. Je, nikionja nitakufa? Na nikinywa kidogo tu kuna ubaya gani?"

Kaka yangu, pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kurudi kwenye miguu. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo, ila niruhusu nianze na lile ulilolirusha mwishomwisho ukaliita kitu kidogo tu, sababu mimi ndilo lililonishtua. Mkono uliopooza kucheza wenyewe dakika nzima kisha ukaacha, tena asubuhi baada ya usiku wa kunywa, tena mara mbili, hicho huenda ni kifafa cha baada ya kiharusi, na hata kama sicho bado ni jambo la kuonwa na daktari. Sio lazima mtu aanguke na kutoa povu ndio tuseme ana kifafa, kuna kinachoshika mkono peke yake ama pembe ya mdomo na mwenyewe uko macho unakitazama. Pale ubongo ulipokosa damu pamebaki kovu, na seli zilizo pembeni ya kovu ni nyepesi kushtuka, zinapiga umeme bila mpango. Pombe ikiwa mwilini inaulegeza ubongo, lakini ikianza kutoka kule alfajiri ubongo unaruka upande wa pili, unakuwa mwepesi wa kushtuka kuliko ulivyokuwa kabla hujanywa, ndio maana mkono ulicheza asubuhi na si usiku ule ukiwa mangweni.

Wapo watakaokwambia neva zinarudi, ni dalili njema, na wapo watakaosema ni upepo. Usingoje tarehe ya kliniki, nenda wiki hii hii. Mpaka uonekane, pombe hapana hata tone, na usiingie baharini kuoga peke yako wala kushika usukani wa boti hata kwa kumsaidia mwenzako dakika mbili. Mkono ukianza tena, mtu wa nyumbani auchukue video kwa simu, hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo yote utakayompa. Na ukipita dakika tano haujaacha, ama ukipoteza fahamu, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo.

Haya, sasa hili la kuacha dawa siku za pombe. Hili nalisikia kila wiki na kusema kweli linaniuma kuliko mnazi wenyewe. Hebu tulifikirie pamoja. Amlodipini ni dawa inayokaa mwilini, baada ya masaa 30 hadi 50 bado nusu yake iko kwenye damu. Kwa hiyo Ijumaa usipomeza, ile ya Alhamisi bado imo, na mabaki ya Jumatano yamo, na mnazi unaunywa juu yake vilevile. Hujazitenganisha dawa na pombe, umejipunja dozi tu. Na siku zako umesema ni Ijumaa na Jumamosi, lakini Jumapili najua inavyokuwa, kichwa kizito, hata chai huitaki sembuse vidonge, basi hizo ni siku tatu katika saba. Hiyo 158 kwa 96 mimi siishangai hata kidogo. Na aspirini ndiyo inayozuia zile chembe za damu zisishikane zikaziba mshipa tena, mwili kila siku unatengeneza chembe mpya ambazo hazijaguswa na dawa, ukiruka siku mbili tatu kila wiki unazipa nafasi.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine yote utayapuuza: hata ukiteleza ukanywa, dawa zako meza. Sikwambii kwamba mchanganyiko huo hauna shida. Amlodipini na pombe zote mbili hufungua mishipa, ukiinuka ghafla kwenye kiti kizunguzungu kinaweza kukuangusha, na wewe unatembea na fimbo. Aspirini na pombe zote mbili hukwaruza tumbo, ukiona choo cheusi kama lami ama ukitapika damu usikae nyumbani. Ziko dawa ambazo kweli hazipatani na pombe, kama warfarini ya kuzuia damu kuganda, dawa nyingi za kifafa, za usingizi kama diazepamu, na baadhi ya za kisukari ambazo zikikutana na pombe sukari inashuka mpaka mtu anaonekana kama kapata kiharusi kingine. Lakini hata kwa hizo kinachoachwa ni pombe, sio dawa.

Sasa presha na mnazi. Mtu akikwambia "mimi nikinywa presha inashuka" hakudanganyi, amejipima saa mbaya tu. Ukinywa nyingi, masaa kama 12 ya kwanza presha inaweza kushuka kweli sababu mishipa imelegea, kisha baada ya hapo inapanda ikapita pale ilipokuwa mwanzo. Sasa piga hesabu, umekunywa saa moja ya jioni, kupanda kunaanza asubuhi yake, na asubuhi ndio wakati ambao presha ya kila binadamu hupanda yenyewe na ndio wakati ambao viharusi vingi hutokea. Umeviunganisha viwili. Na anayekunywa kila jioni haipi presha yake nafasi ya kushuka. Kuna uchunguzi mkubwa wa nchi 32 uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha kwamba mambo kumi tu yanayoweza kubadilishwa yanabeba karibu asilimia 90 ya viharusi vyote, presha ikiwa ya kwanza kwa mbali na pombe ikiwa mojawapo, tena pombe inaingia mara mbili, kwa jina lake na kwa mlango wa presha.

Na huyo mzee wa mangweni mpe heshima yake lakini sayansi usimwachie. Mnazi ukitoka mtini ni maji matamu, una sukari, una vitamini kidogo, na chachu inauanza mle mle kwenye kibuyu kabla mgema hajashuka. Wa asubuhi mwepesi, wa jioni mkali, wa kulala unachoma koo. Hakuna ndani yake kitu cha kusugua mishipa. Kinachoziba ni mafuta yaliyoingia kwenye ukuta wa mshipa pamoja na damu iliyoganda juu yake, na hakuna kinywaji kinachofika pale kikayaosha, kiwe mnazi ama ndimu na tangawizi. Dawa yako ya mafuta ndiyo inayoyapunguza kasi, na hiyo pia unairuka wikendi.

Umeuliza ubaya wa kidogo. Kidogo ni ngapi lakini? Uingereza huhesabu pombe kwa yuniti, moja ni gramu 8 za pombe tupu, na mtu mzima asiye na ugonjwa wanamwambia asipite 14 kwa wiki, tena azigawe siku tatu au zaidi. Hesabu yake ni kuzidisha lita kwa asilimia. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ni yuniti 2 na kidogo. Mnazi tuseme uko asilimia 4, lita moja ni yuniti 4, basi zile lita tatu zako za zamani zilikuwa 12 kwa jioni moja tu. Na bia angalau imeandikwa, mnazi hauna lebo, jioni moja unaweza kuwa mwepesi na kesho yake mkali kwa kiasi kile kile cha glasi, kwa hiyo kidogo yako huwezi kuipima hata ukiwa na nia safi.

La divai, huyo Mwitaliano hakulizua yeye, lilikuwa linasemwa mpaka na madaktari. Walikuwa wakiwalinganisha wanaokunywa kidogo na wasiokunywa, wakaona wasiokunywa wanaumwa zaidi, wakadhani divai inalinda. Kumbe kwenye kundi la wasiokunywa walikuwemo wengi walioacha kwa sababu tayari ni wagonjwa. Wewe mwenyewe ile miezi minne ungehesabiwa humo, mtu asiyekunywa na ana kiharusi! Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Hiyo haina maana kwamba glasi moja inaua, ina maana hakuna anayepaswa kunywa akidhani anajitibu.

Yako mengine pombe inayofanya ambayo hayaonekani kwa mashine ya presha. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, moyo ukawa unatetemeka badala ya kupiga sawasawa, damu ikatulia humo ikaganda na kipande kikapanda kichwani. Kwa hiyo uliza kama ulishafanyiwa kile kipimo cha kubandikwa nyaya kifuani, sababu ukiwa na mapigo ya hivo aspirini peke yake haitoshi, dawa inabadilika. Alafu kuna kule kupona kwenyewe. Wewe ni mtu wa boti, unajua mto Sabaki ukileta tope vile mchanga unavyohama, njia uliyokuwa ukipita inaziba na nahodha inabidi atafute njia nyingine, aipite polepole, kesho tena, mpaka mkono uizoee. Ubongo wako unafanya hivo hivo sasa, kila unapojilazimisha kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa kulia unachonga njia mpya, na kujifunza huko kunakaa vizuri ukilala usingizi mzuri. Pombe inakupa usingizi upesi lakini ni usingizi wa vipande vipande, na siku ya pili mazoezi hufanyi.

Kuna jambo moja ambalo watu hawalifikirii na mimi ndilo linaloniogopesha zaidi kuhusu wewe kukaa mangweni. Kiharusi kingine kikikupata pale, utazungumza kama umelewa, utayumba kama umelewa, mdomo utaenda upande, na wenzako watacheka waseme leo mnazi umemshika, watakulaza kwenye mkeka chini ya mti upoe. Asubuhi ndio watajua. Kwa kiharusi cha kuziba iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda lakini inapewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya kuipewa lazima kichwa kipigwe picha, na hospitali zenye uwezo huo si nyingi, kwa hiyo kulazwa kwenye mkeka usiku kucha ni kuipoteza nafasi yote. Waambie wenzako na watu wa nyumbani, hata leo: uso ukienda upande, mkono mmoja ukishindwa kuinuka, maneno yakikwama ghafla, wasiulize amekunywa ngapi, watafute gari. Na waangalie saa, daktari ataanza kwa kuuliza dalili zilianza lini.

Sasa jibu lako bila kuzunguka. Kama kiharusi chako kingekuwa cha mshipa kupasuka ningekwambia achana na pombe maisha, tukafunga mazungumzo. Chako ni cha kuziba, na kwa mtu wa aina yako ambaye presha imetulia miezi kadhaa, anameza dawa kila siku, hana kifafa, mapigo ya moyo yako sawa na hakuwa mlevi wa kila siku, daktari wake anaweza kumkubalia kinywaji kimoja mara moja moja. Wewe kwa leo hayo masharti huna hata nusu. Presha iko juu, dawa unaruka, mkono unacheza, na ulikuwa mnywaji wa kila jioni, na anayekunywa hivo kidogo huwa inamponyoka, si kwa ubaya wake. Kwa hiyo kwa sasa jibu ni hapana. Sio hapana ya milele, ila sitaki nikudanganye pia, wengi wa aina yako huona kuacha kabisa ni rahisi kuliko kupima kila wikendi.

La Disemba ni tofauti kidogo. Kugusisha mdomo mnazi mbele ya wazee, tone la kulowesha ulimi, hilo halileti kiharusi na sitaki uje ulikose jambo la binti yako kwa kuogopa tone. Ila wewe na mimi tunajua baada ya kuonja kuna mitungi, na kuna shemeji atakayesema baba mzima unaonja kama mtoto. Zungumza mapema na mshenga na ndugu yako mkubwa, wajue kabla ya siku, na ndugu akuonjee, wewe ubaki na usemi wako wa baba. Wazee wa siku hizi wengi wana presha na kisukari wenyewe, utashangaa wangapi watashukuru kupata sababu. Ukitaka kitu cha kushika mkononi, dafu, mradi figo zako ziko sawa. Na yakiisha maneno makubwa, jitoe upumzike.

Umesema pia siku haziishi. Nimelisoma mara mbili. Mtu aliyekuwa baharini kila alfajiri akaja kukaa kwenye baraza siku nzima, kazi hana, mkono hautii, hapo si uvivu wala si udhaifu wa moyo. Karibu mtu mmoja katika watatu waliopata kiharusi hupata sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, na pombe kwa hiyo ni mkopo wa riba kubwa, jioni inakuinua, asubuhi inakushusha zaidi. Mwambie daktari hilo kama unavyomwambia presha, lina dawa na lina mazungumzo. Mangweni huendi kwa ajili ya mnazi peke yake, unaendea watu, kwa hiyo waombe wale wawili watatu unaowapenda waje kwako, ama mkae pale jeti asubuhi kabla jua halijawa kali.

Kwa wengine wanaosoma hapa na wanakunywa kila siku nyingi nyingi: msikate ghafla peke yenu. Mwili uliozoea ukinyimwa kwa mpigo, ndani ya siku mbili tatu unaweza kuleta kutetemeka, jasho, kuona vitu visivyokuwepo na hata kifafa, hiyo inataka hospitali, na namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Muguka, yale majani ya kutafuna ya kuchangamsha, na pombe pamoja ni kupandisha presha kwa muguka kisha kutafuta pombe ya kuteremsha handasi, yaani ule mchangamko wake, usiku mmoja moyo umeendeshwa pande mbili. Na chang'aa sitaki hata kuizungumzia sana, Mei 2014 pombe zilizotiwa methanoli, spiriti ya viwandani, ziliua watu zaidi ya 80 nchini na kupofusha wengine, na methanoli inaharibu ubongo moja kwa moja.

Wewe kaka, ukienda hospitali beba vidonge vyote ulivyo navyo kwenye mfuko, hata vya mitishamba, na useme ukweli kuhusu kiasi unachokunywa, manake dozi ya dawa inapangwa kwa ukweli huo. Uliza mambo matatu: huu mkono ni kifafa, moyo wangu unapiga sawa, na presha yangu inatakiwa iwe ngapi, wengi wetu tunataka iwe chini ya 130 kwa 80 baada ya kiharusi. Kisha jipime nyumbani ama pale duka la dawa, asubuhi kabla ya kumeza dawa, umekaa dakika tano, mkono ule mzima umeuweka mezani, uandike kwenye daftari kwa wiki mbili bila pombe na bila kuruka kidonge. Nitumie hizo namba na alichosema daktari kuhusu mkono, hapo ndio tutazungumza upya habari ya Disemba.